Nenosiri Nililotunga kwa Hasira

Printa yetu hukaa juu ya kabati la vyombo, kati ya redio na picha ya harusi ya mwanangu, imefunikwa kitambaa ambacho mke wangu alikifuma kwa ajili ya redio. Ni nyeusi, ina kioo kidogo kama kiberiti, na ikiamka hukohoa mara tatu kabla ya kufanya lolote. Siku hizi nikiisikia inakohoa Ijumaa jioni moyo wangu hutulia, kwa sababu najua mkamwana wangu amefika na anachapa karatasi za wanafunzi wake. Lakini ilikuwapo Jumapili moja ambapo ilikataa kukohoa. Nilijua sababu, au tuseme niliijua nusu, nami nikanyamaza karibu alasiri nzima huku yeye akihangaika nayo. Kazi aliyoingojea kwa miaka ilikuwa karibu kumponyoka kwa ajili ya ukimya wangu. Ndiyo maana naandika haya, nikiwa bado naona vizuri kwa jicho moja.

Sisi ni watu wa majani chai hapa Kibugu. Shamba letu linaishia karibu na msitu wa mlima, na baridi ya huku si ya mzaha. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikawa karani katika kituo cha kununulia majani chai mpaka nilipostaafu, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, kila kamati inayoanzishwa hunifanya katibu. Sasa ni katibu wa mradi wa maji. Kumbukumbu za mikutano ndizo zilizomfanya binti yangu mkubwa, aliye Nairobi, aniletee printa na kutuwekea waifai. Mume wake ndiye aliyeviunganisha. Niliandika kumbukumbu kwenye simu, nikabonyeza mara moja, na kule kabatini karatasi ikaanza kutoka bila mtu kuigusa mashine. Nimewahi kuamuru vibarua, ng'ombe na watoto, lakini sikuwa nimewahi kutiiwa haraka namna ile.

Mkamwana wangu ni mtu wa Kangeta, kule Igembe. Mwanangu alikutana naye alipokuwa akifanya kazi ya barabara upande wa Maua, na mpaka leo kazi hiyo humweka mbali. Huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mkewe alisomea ualimu, akafuzu, akarudi kukaa na vyeti. Nyumbani tulimwita mwalimu ingawa hakuwa na darasa. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili. Kiembu changu na Kimeru chake si ndugu wa mbali, lakini ukimwambia mtu jambo zito kwa lugha ambayo anaielewa robo tatu, ile robo iliyobaki ndiyo italeta ugomvi. Basi Kiswahili kikawa uwanja wetu wa katikati. Tena palikuwa na nthoni, ile aibu ya heshima iliyo kati ya mzee na mke wa mwanawe: hamketi bega kwa bega, hampokezani kitu mkigusana vidole, hamtazamani sana. Nilijificha nyuma ya nthoni hiyo kwa miaka minne. Ni mahali pazuri pa kujificha, kwa maana hakuna anayekuuliza unafanya nini huko.

Kosa langu la kwanza kwake ni la zamani kidogo. Mke wangu alianguka kwenye ngazi za zizi akavunjika nyonga. Wakati huo huo mwalimu alipata nafasi ya muda katika shule moja ya kwao. Aliniletea habari hiyo jioni tukiwa na wageni wa kanisa, barua ikiwa mkononi. Mimi, mbele ya watu, nikasema, "Mwalimu ana darasa hapa nyumbani. Mwanafunzi wake ni mmoja na hawezi kutembea." Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, akaikunja barua mara nne, akaenda jikoni kugeuza nduma. Hakuizungumzia tena. Alimwogesha mke wangu, akamfundisha kutembea kwa gongo kutoka kitandani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni, mpaka siku alipomfikisha kanisani. Nami katika kipindi hicho chote sikutafuta hata siku moja ya kumwambia kwamba ule haukuwa mzaha, ulikuwa amri iliyovaa nguo za mzaha.

Kosa la pili ndilo la waifai.

Kaka zake wawili walikuja kumtembelea. Walifika na kitita cha miraa kilichofungwa vizuri kwa majani ya mgomba, wakaninyooshea kwa mikono miwili. Kwao huo ndio ustaarabu: huendi mbele ya mzee wa watu mikono mitupu, na kitita kile huletwa kwa heshima, si kwa biashara. Nilikuwa nimeshaambiwa hivyo na mwanangu. Lakini mimi ni mzee wa kanisa, na nilikuwa nimewahubiria vijana wa huku dhidi ya miraa mpaka sauti ikakauka. Sikukipokea. Nikasema, "Wekeni hapo nje." Wakakiweka ukutani barazani, kikakaa hapo siku tatu hadi kikanyauka na mbuzi akakimaliza.

Hawakuonyesha hasira. Walikaa barazani wakitafuna yao taratibu na kutazama mpira kwenye simu zao. Mimi nilikuwa ndani nikijaribu kusikiliza mahubiri, nayo yakawa yanakwama: mhubiri anainua mkono, anabaki na mkono juu kama aliyeona nyoka. Nikasema moyoni, ni hawa. Wanatafuna miraa barazani kwangu na kutafuna waifai yangu pia. Baadaye niligundua kwamba hata wasipokuwapo mahubiri yale hukwama, hasa mvua ikinyesha. Lakini siku hiyo sikuwa nikitafuta ukweli.

Walipoondoka nilimwita fundi mmoja wa mjini Embu, mtu mzima mwenye familia, anayezunguka akifunga vifaa vya intaneti. Nikamwambia nataka waifai mbili, moja ya wenye nyumba na moja ya wageni.

"Hiyo ni rahisi, mzee," akasema. "Ya wageni paswadi iwe nini?"

"Karibu."

"Na ya wenyewe?"

Nami, nikiwa bado na hasira, nikasema, "Hakuna miraa hapa."

Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akaiandika yote pamoja bila nafasi, H kubwa mwanzoni na tarakimu ya moja mwishoni, akasema hiyo haiwezi kuibwa na mtu yeyote. Akaunganisha simu yangu na ya mke wangu. Simu ya mwalimu ilikuwa mezani ikichajiwa. Mwenyewe alikuwa shambani. Fundi akauliza, "Na hii?"

Nikamjibu, "Ya wageni itamtosha."

Nimeandika sentensi hiyo kama ilivyo. Ningeweza kuipunguza makali, maana fundi amekwisha kuisahau. Lakini mimi sijaisahau.

Kuhusu printa, fundi hakuuliza na mimi sikukumbuka. Ilikuwa chini ya kitambaa chake. Kwa wiki kadhaa mradi wa maji haukukutana, kwa hiyo hakuna aliyeitafuta.

Jumapili ile tulitoka kanisani, tukala, na saa nane mwalimu akapigiwa simu na mwenzake waliyesoma pamoja chuoni, ambaye sasa anaishi Siakago. Nilimwona akisimama ghafla na sahani mkononi. Tangazo lilikuwa limebandikwa kule tangu Ijumaa: walimu walihitajika Mbeere, upande huo wa Siakago, na usaili ungekuwa huko kesho yake Jumatatu saa mbili asubuhi, watu wakiitwa kwa zamu ya kufika. Kila mmoja aje na nakala za vyeti na fomu iliyojazwa kwa mkono. Asiye na fomu asijisumbue kupanga foleni. Mwenzake akamtumia ile fomu kwenye simu.

"Mama, nimeitwa," akamwambia mke wangu. Kisha akajirekebisha. "Sijaitwa. Lakini naweza kwenda."

"Utaenda," mke wangu akasema. "Mimi sasa natembea. Nani atakuzuia?" Akanitazama mimi, si yeye.

Saiba ya hapa Kibugu, pale pa kuchapishia karatasi, ilikuwa imefungwa. Mwenyewe alikuwa ameenda Meru na kwaya. Mjini Embu zingepatikana saiba zilizo wazi, na magari ya kwenda yalikuwapo mpaka saa kumi. Lakini mwalimu akasema, "Niende Embu kufanya nini na printa iko hapa?" Akaivua kitambaa, akaifuta vumbi, akaiwasha.

Ilikohoa mara moja, ikanyamaza.

Alianza na nakala za vyeti. Alifungua kifuniko, akaweka cheti, akabonyeza, na nakala ikatoka safi kabisa. Tukafurahi wote. Kisha akatuma fomu kutoka kwenye simu. Simu ikazunguka, ikazunguka, ikamwambia printa haipatikani.

"Haipatikani na iko hapa imeketi," mke wangu akasema. "Ina macho lakini haina masikio."

Mwalimu akaizima, akaiwasha. Akatoa karatasi, akazipigapiga kingo zilingane, akazirudisha. Akaibeba kutoka kabatini akaileta mezani, karibu na rauta, kile kisanduku cha waifai, akidhani umbali ndio unaozuia. Akabonyeza vishale vya kile kioo kidogo, akisoma kila kitu alichokipata humo kwa sauti ya mwalimu: lugha, tarehe, wino, karatasi. Mwishowe akapata picha ya mnara mdogo wenye mstari mwekundu juu yake.

"Baba, imepoteza waifai," akasema. "Inatafuta ile ya zamani, haioni. Kwani kuna mtu alibadilisha kitu?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Ilikuwa saa tisa kasoro. Gari la Embu lilikuwapo, na mdomo nilikuwa nao. Nikasema, "Hizi vitu hujibadilisha zenyewe."

"Karani," mke wangu akaniita. Huniita hivyo anapotilia shaka hesabu zangu. "Wewe ndiye ulileta fundi."

"Alisafisha tu."

Mwalimu hakungoja. Alichagua kwenye printa jina lile lile la waifai lililokuwa kwenye simu yake, akaingiza nenosiri lililohifadhiwa humo, Karibu, herufi moja moja kwa vishale, na ule mstari mwekundu ukaondoka. Alipiga makofi. Akatuma tena. Simu ikazunguka. Printa haipatikani.

Sasa hilo lilinishangaza hata mimi. Nilidhani ameshapona, na mimi nimepona naye. Akajaribu mara tatu. Akazima rauta, akahesabu hadi sitini, akaiwasha. Mnara kwenye kioo ulikuwa mzima, mnara kwenye simu ulikuwa mzima, na bado viwili hivyo havikuonana, kama majirani waliokosana wakikutana njiani.

Nje mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye miti ya mwisho ya msitu. Kila mtu wa Kibugu anajua maana yake: mvua ikianza kwa nguvu, umeme huaga. Na wakati huo gari la mwisho la Embu lilipiga honi kule barabarani likaondoka. Nililisikia. Naye alilisikia. Aliinua kichwa kidogo, akarudi kwenye kioo.

"Mpigie fundi," mke wangu akasema.

Nikasema labda yuko kanisani. Saa kumi jioni. Mke wangu akanyoosha mkono, akachukua simu yangu, akampigia mwenyewe, akaweka sauti ya wote kusikia.

Mwalimu akamweleza fundi kila alichokifanya, kwa mpangilio mzuri mpaka yule bwana akamsifu. Kisha fundi akasema, "Shida ni moja tu, mama. Hiyo umeweka ni ya wageni. Kwa ya wageni vifaa havionani, zimetengwa hivyo makusudi, mgeni asiingie kwa vitu vya nyumba. Weka printa kwa ile ya wenyewe, na simu yako pia. Zitaonana saa hiyo hiyo."

Mwalimu akauliza polepole, "Kwani kuna ya wenyewe?"

"Si iko! Mzee anajua paswadi. Ni ile tulicheka nayo." Akaanza kucheka tena huko aliko. Nikachukua simu nikaikata.

Sikumtazama mwalimu. Nthoni ilinisaidia kwa mara ya mwisho. Nilisikia tu akivuta kiti nyuma kidogo. Alikuwa ameishi nyumba hii miaka minne. Alijua ng'ombe yupi hupiga teke, na mke wangu hulalia upande gani. Hakujua kwamba nyumba ina mlango mwingine ambao hakupewa ufunguo wake.

"Nitaiweka mimi," nikasema. "Wewe tengeneza chai."

Akaenda. Nikaketi mbele ya printa nikakishika kile kioo kidogo kama mtu anayemshika kondoo sikio. Jicho langu la kushoto lina mtoto wa jicho, na la kulia huchoka haraka. Herufi hupita moja moja, na ukishaichagua hugeuka nyota, huwezi kujua uliyoandika. Nikatafuta H kubwa. Nikapita. Nikarudi. Nilipofika kwenye R nilikuwa nimesahau kama A ni moja au mbili. Nikabonyeza mwisho. Ikaniandikia kwamba nenosiri si sahihi. Nikaanza upya. Vidole vyangu vilichuma chai ujanani na havina tena ule wepesi. Mara ya pili, si sahihi.

Tone la kwanza la mvua likagonga bati. Taa ikatetema, ikarudi.

Mke wangu alikuwa ameketi na gongo lake magotini. Alisema kwa Kiembu, taratibu, kwamba mtu aliyemeza mfupa ndiye anayejua umekwama wapi. Hakunisukuma zaidi ya hapo.

Mwalimu aliingia na chai. Alikuwa amenawa uso. Nikaona kwamba kama nikijaribu mara ya tatu, na ya nne, ili tu asilisikie neno langu, mvua itatukuta hapo na umeme utakwenda. Kisha kesho atakwenda Siakago bila fomu, asimame nje ya lango akiwaangalia wenzake wakiingia. Na nyumbani hapa tutaendelea kumwita mwalimu kama kawaida.

"Njoo uandike," nikasema. "Mimi sioni."

Akaja. Hapakuwa na namna nyingine. Kioo kile ni cha watu wawili walioketi bega kwa bega. Nikasogea, akaketi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"H kubwa," nikasema.

Akaandika.

"A. K. U. N. A."

"Hakuna," akasema, akiwa bado na kishale. "Endelea, baba."

"M. I."

"M. I."

"R. A. A."

Kidole chake kikasimama. Mvua ilikuwa ikikaza. Nilitamani iwe kubwa zaidi, isisikike sauti nyingine.

"Miraa," akasema.

"Ndiyo. Halafu hapa. Halafu moja."

Hakuuliza ni neno gani. Aliandika h, a, p, a, moja moja, bila haraka, kama anayemwandikia mtoto ubaoni. Kabla ya kubonyeza mwisho alisema, macho yakiwa kwenye kioo, "Ni siku ile walikuja kaka zangu."

"Ni siku ile."

"Na wewe ndiye ulisema mimi niwe ya wageni? Ama ni fundi?"

Fundi hakuwapo kujitetea. Ingekuwa rahisi sana. "Ni mimi," nikasema. "Fundi aliniuliza, nikamwambia itakutosha. Na ile barua ya shule ya kwenu, siku ile ya wageni wa kanisa, ni mimi vilevile. Nilikufunga hapa nikafanya watu wacheke. Nilikosea. Ningekwambia mapema leo ungepata gari la Embu. Hilo pia nimekosea."

Akabonyeza. Mnara ukawaka. Printa ikakohoa mara moja, ya pili, ya tatu.

Mke wangu akapiga gongo sakafuni. "Imesikia!"

Mwalimu akaingiza neno lile lile kwenye simu yake, kwa haraka sasa, maana alikuwa amekwisha kulijua. Akatuma. Kurasa nne zikatoka, moja baada ya nyingine, zenye joto kidogo. Umeme haukukatika. Ulikatika kesho yake mchana, jua likiwaka, bila sababu yoyote.

Alipanga zile kurasa, akaanza kujaza mezani kwa kalamu yangu ya mikutano. Baada ya muda akasema, bila kuinua kichwa, "Baba, ile ya mama sikujuta. Mama nilimshika kwa sababu ni mama. Barua ningepata ingine. Lakini hii ya wageni…" Akatafuta neno, akaliacha. "Hii imeniuma."

"Najua."

"Hujui. Lakini umesema mwenyewe. Hiyo ni kitu." Akageuza ukurasa. "Hapa wanauliza makao ya kudumu. Niandike wapi?"

"Andika Kibugu," mke wangu akadakia kabla yangu. "Na huyu akikataa, mimi nitahama na wewe."

Akaandika Kibugu. Nilimwona akiiandika.

Alfajiri nilimsindikiza hadi barabarani nikiwa nimebeba bahasha yake ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu nyasi zilikuwa na umande na sikumwamini mtu mwingine na karatasi zile. Alivaa sweta mbili. Nikamwambia akifika Siakago atazivua zote na kuzilaani, maana kule jua huanza kazi mapema. Akacheka. Nilimpa bahasha mkononi. Vidole vyetu viligusana, na hakuna kilichoanguka kutoka mbinguni.

Alikuwa wa sita kwenye foleni. Wawili mbele yake walirudishwa kwa sababu ya fomu. Alituambia jioni hiyo akiwa amechoka, vumbi jekundu la Mbeere likiwa hadi kwenye nyusi. Jibu lilichukua wiki nyingi kuja, nami katika wiki hizo niligundua kwamba kungoja si kazi ndogo, na kwamba yeye alikuwa ameifanya miaka mingi nyumbani kwangu bila kulalamika. Lilipokuja lilikuwa jibu jema.

Sasa hukaa Siakago siku za kazi na hurudi Ijumaa. Nyumba katikati ya wiki ni kimya kuliko ninavyopenda. Mke wangu na mimi hubishana kuhusu nani alisahau chumvi. Nalipa kwa njia hiyo, na ni malipo ya haki. Lakini Ijumaa printa hukohoa, na mezani huwa na mitihani ya hesabu ambayo hunipa nijaribu, kisha huniambia nimepata ngapi mbele ya mama yake mkwe. Kanuni zimebadilika tangu wakati wetu, hayo ndiyo maelezo yangu.

Nilimwomba abadilishe lile neno. Nilimwambia anisaidie kulifuta, aweke analotaka yeye. Alilifikiria, akatikisa kichwa.

"Tuiache, baba. Hiyo ni salama kabisa. Hakuna mtu wa Kangeta anaweza kuifikiria, hata akikaa hapa mwaka mzima."

Kaka zake walikuja tena baada ya mavuno ya maharagwe. Niliwaona kutoka mbali wakipanda njia, mkubwa amebeba kitita kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Nilisimama. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikakileta ndani, nikakiweka juu ya kabati kando ya printa. Sitafuni, na sitatafuna, na nilisema hivyo. Mkubwa akasema hajaniletea meno, ameniletea heshima. Tukaketi barazani. Baada ya chai akatoa simu, akaona haya kidogo, akamgeukia dada yake. Dada yake akanionyesha mimi kwa kidevu.

"Muulize mwenye nyumba."

Akaniuliza. Nami nikamtajia, herufi kwa herufi, nikianza na H kubwa. Alipofika katikati alisimamisha kidole, shavu moja likiwa limejaa, akanitazama kuona kama nimekasirika.

"Endelea," nikamwambia. "Bado hapa, halafu moja."